Je, «Sikukusudia» Inatosha?



Shofere akigonga mtoto huku anasoma ujumbe kwenye telefone, husema: «Sikukusudia.» Ni kweli. Lakini je, hana kosa?

Torati inapambanua mambo mawili. Shoka likichomoka katika mpini na kuua jirani, aliyelishika alipewa mji wa kukimbilia (Kumbukumbu la Torati 19:5). Lakini mwenye ng'ombe mkali wa kupiga pembe, aliyeonywa wala hakumfungia, alihesabiwa damu (Kutoka 21:29).

Sisi tunaona telefone mkononi mwa shofere ni ng'ombe yule, si shoka. Motokari ikienda kilometa 60 kwa saa, hupita karibu meta 17 kila sekunde. Macho yakiinama sekunde 3, imekwisha kupita meta 50 kama haina mtu. Na sote tumekwisha kuonywa.

Basi tuzime telefone kabla ya kuwasha motere. Kukiwa na neno la haraka, tusimame kwanza kando ya barabara. Tukiwa abiria, tusinyamaze kwa haya. Na sisi tunaopiga telefone, tukijua ndugu yetu anaendesha, tungoje afike. La sivyo, damu ile itakuwa juu yetu pia.