Vito 60 kwa Siku
Mchezo wa simu wa Genshin Impact ulitoka Septemba 2020. Kijana wa Bomet aliyeshikamana nao tangu hapo bila kulipa hata shilingi namheshimu sana. Jioni, majani ya chai yakishapimwa kituoni, ananunua bando, anamaliza kazi nne za siku na kupata vito 60. Kubahatisha mara moja ili kupata mhusika ni vito 160. Mhusika wa nyota tano huhakikishwa ifikapo mara ya 90, na bado huenda asiwe yule anayemtaka! Bahati hiyo imepangwa imvute mtu kulipa. Lakini kijana huyu, naamini, anarudi kwa ajili ya wahusika aliowalea kwa subira. Anazijua sauti zao, anakumbuka ni yupi aliyempata msimu wa bonasi ya chai. Simu ikijaa, hufuta picha kwanza.