Legeza Robo

Siku ami aliponiachia sindano kwa mara ya kwanza, nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Injini ilikuwa imefungwa kwa skrubu nne kwenye ubao, ubao umebanwa mezani uani kwake Mtongwe, propela inazunguka hadi haionekani. Nikawa naikaza sindano ya mafuta kidogo kidogo. Kila nikikaza, mlio unapanda. Ule moshi mweupe ukapungua, sauti ikawa nyembamba, safi, tamu. Nikacheka peke yangu. Nikakaza tena.

Ami alikuwa amesimama nyuma yangu. Akapitisha mkono juu ya bega langu akairudisha sindano, karibu robo mzunguko. Mlio ukashuka, moshi ukarudi.

"Ami, mbona umeipunguza? Si ndiyo ilikuwa imekolea?"

"Imekolea, ndiyo," akasema. "Na hapo inapokolea ndipo inapofia."

Wakati ule nilidhani ni mambo ya wazee tu, kuogopa kitu chao kisiharibike. Siku hizi nadhani alikuwa ananiambia jambo ambalo halihusu injini peke yake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anazungumzia injini.

Hebu nieleze kitu chenyewe. Ni injini ya ndege ya mfano, ndogo, inaenea kiganjani. Ujazo wake ni kama sentimita 6.5 za ujazo. Ami alikuwa baharia, akainunua ng'ambo miaka ya themanini pamoja na ndege ya mbao nyepesi. Ndege ilivunjika zamani, injini ikabaki. Na hata ndege ingekuwepo, kwetu si pa kurushia. Uwanja wa Ndege wa Moi uko ng'ambo ya maji, upande wa Port Reitz, na kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani hazikuruhusu kurusha karibu na uwanja wa ndege bila kibali. Kwa hivyo yetu huwashwa mezani tu, mara mbili tatu kwa mwaka, isife kwa kukaa.

Haina cheche. Injini ya pikipiki ina plagi ya kupiga cheche, lakini hii ina plagi yenye kijiwaya kilichosokotwa cha platinamu. Unakipasha moto kwa betri ya volti moja na nusu, unaizungusha propela kwa kijiti (usithubutu kuweka kidole), inawaka, unaondoa betri. Kuanzia hapo kijiwaya kinabaki chekundu chenyewe, kwa joto la mlipuko uliotangulia na kwa vile platinamu inavyochochea mvuke wa methanoli uwake. Plagi za namna hii zilienea kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na mtu anayetajwa sana kwa kuzileta sokoni ni Ray Arden.

Mafuta yake si petroli. Ni methanoli, nitromethani kiasi, na oili iliyochanganywa humo humo, mara nyingi karibu sehemu moja kwa tano. Oili ya jadi ya injini hizi ni ya mbarika, nyonyo hiyo hiyo wanayopaka nywele bibi zetu. Ukiiwasha uani, nguo zako zitanukia nyonyo mpaka uzifue. Methanoli yenyewe si ya kuchezea. Ndiyo inayopofua watu na kuwaua ikiingia kwenye pombe haramu, na ikishika moto mchana, mwali wake huuoni. Ami huifungia kabatini na ufunguo anakaa nao.

Shika hilo la oili, manake ndiyo roho ya jambo lenyewe. Injini hii haina sehemu ya pembeni ya kuwekea oili. Kinachoiendesha na kinachoilainisha vinapita mlango mmoja, na mafuta yanayoingia ndiyo pia yanayoipoza. Ukikaza sindano, unapunguza mafuta. Mchanganyiko ukiwa na mafuta machache na hewa nyingi, injini inakwenda kasi zaidi, inapata moto zaidi, na papo hapo inapata oili kidogo zaidi. Yaani unaidai kazi nyingi wakati ule ule unapoinyima kitu cha kuivumilia kazi hiyo. Na kwa dakika chache inakuimbia. Halafu pistoni inakwaruzika na silinda, sauti inalegea, injini inanoki.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya wanaozijua hizi injini ni hii: tafuta kilele, halafu rudi nyuma. Kaza mpaka uone mlio hauongezeki tena, kisha legeza hadi uisikie imeshuka kidogo. Nguvu ile uliyoiacha si kwamba umeipoteza. Umeiweka. Ndege ikiwa hewani propela inapata wepesi, injini inakwenda kasi kuliko ilivyokuwa chini, na mchanganyiko unakauka wenyewe bila wewe kugusa chochote. Ndege ikiinua pua kupanda, mafuta yanapata tabu kufika. Kwa hivyo kabla ya kuirusha unaiinua pua kuelekea mbinguni injini ikiwa moto kamili. Ikianza kuzimika, ujue uliikaza mno. Aliyeipima ikiwa imelala mezani tu hajaipima.

Sasa litazame neno lenyewe, kukaza. Kwa lugha yetu ya mtaani hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Kaza. Kaza roho. Kaza buti. Kijana akifungua kibanda cha chipsi, "kaza bro." Akifiwa, "kaza roho." Akiumwa na bado anaenda kazini, "huyo jamaa amekaza." Sijawahi kumsikia mtu akisifiwa kwa kulegeza. Mlegevu ni tusi. Tumelelewa kuamini kuwa nguvu usiyoitumia leo ni uvivu, na kwamba aliyeanguka hakukaza vya kutosha.

Lakini wahenga wetu walikuwa na methali nyingine: ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Tunaitumia kumsema mwenye majivuno. Mimi nikiwa kwenye meza ya ami naisikia kama neno la fundi. Ngozi iliyowambwa kupita kiasi ndiyo yenye mlio mkali, na ndiyo iliyo karibu na kuchanika. Hakuna laana hapo. Ni ngozi tu.

Swali langu basi ni hili: je, ni haki kumdai mtu, au kujidai mwenyewe, nguvu yote iliyopo?

Nisingeliuliza kama si mwanawe ami. Huyu binamu yangu alikulia kwenye meza ile ile. Sindano aliijua kabla yangu. Alipokua akapata tuktuk ya mtu, akawa anabeba abiria kutoka feri ya Likoni kwenda Shelly Beach na Mtongwe. Mwenye tuktuk alitaka hesabu ya shilingi 1,000 kila siku. Petroli juu yako. Kinachobaki ni chako, na siku isipobaki kitu, hesabu ni ile ile. Akawa anatoka saa kumi alfajiri anarudi saa nne usiku.

Tuktuk za siku hizi ni za mapigo manne, oili yake inakaa peke yake na inatakiwa kubadilishwa. Kuibadilisha ni oili mpya na saa kadhaa za gereji, na hesabu haisimami kwa sababu wewe uko gereji. Akaahirisha wiki moja, ikawa mwezi. Asubuhi moja, kwenye mpando wa kutoka feri, imejaa abiria, ikanoki.

Mwenye tuktuk akasema kosa ni la dereva, hakubadilisha oili. Na ni kweli, hakubadilisha. Gharama ikakatwa kwake kidogo kidogo, miezi mingi. Kilichonikera si kwamba binamu hakujua. Alijua kuliko mimi na kuliko mwenye tuktuk. Jioni moja nikamwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba angelegeza kidogo, angepumzisha gari, haya yasingetokea.

Akanitazama. "Wewe unasema legeza. Mimi nikilegeza, nani analala njaa, wewe?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lake muda mrefu, na nadhani alikuwa sahihi, ila tulikuwa tunazungumza na mtu asiye yeye. Injini haijikazi. Hakuna injini duniani iliyowahi kushika sindano yake yenyewe. Ukiikuta imenoki, huiulizi kwa nini haikujipumzisha. Unauliza mkono ulikuwa wa nani. Sindano ya binamu haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa ndani ya ile hesabu, na ile hesabu ilipimwa na mtu aliyepiga hesabu ya siku nzuri: hakuna mvua, feri haijakwama, mtoto haumwi, petroli haijapanda. Aliipima mezani, pua ikiwa chini. Maisha ndiyo yanayoinua pua.

Kwa hivyo mahubiri ya "jipumzishe" tunayopeana kwenye simu zetu yanapiga mlango usio wake. Kumwambia aliyekazwa alegeze ni kumwongezea kazi nyingine juu ya kazi. Wajibu wa kulegeza robo ni wa mwenye sindano: mwenye tuktuk, mwenye duka, mhariri, mzazi anayehesabu alama za mwanawe, hata mpenzi anayetaka kujibiwa kila dakika. Kila mmoja wetu ameshika sindano ya mtu fulani, na aghalabu tunajua mlio wake ukikolea. Tunaupenda. Ndipo penye hatari, manake dalili ya kwamba tumezidisha inafika ikiwa na sura ya mafanikio.

Wa Likoni hawahitaji kuelezwa sana habari ya nafasi iliyoachwa wazi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, na zaidi ya watu 270 wakafa. Kila chombo kina alama yake ya kubeba, na chini ya alama hiyo kila safari inaonekana kama hasara: si tungewapakia hamsini zaidi? Ile nafasi tupu ndiyo iliyokuwa uhai wao, lakini nafasi tupu haina mtu wa kuitetea. Haipigi kelele wala haileti nauli.

Najua hoja ya upande wa pili, na fundi mwenyewe ananipa. Huwezi kulegeza bila mwisho. Kuna injini za aina hii ambazo silinda yake ni ya shaba iliyopakwa kromu na pistoni ni ya alumini, na zimechongwa zikiwa na msuguano mkali juu, ili zikae sawa zikishapata moto. Ukiziendesha baridi, zimelowa mafuta kwa huruma, zinalika. Zinataka joto lao. Nami nakubali kwamba mtu asiyedaiwa kitu pia huharibika. Nimeshawaona, na kuna miezi nimekuwa mmoja wao. Kulegeza ninakokusema hakuanzii kwenye uvivu. Kunaanza baada ya kilele. Lazima kwanza ukijue kilele kilipo, kisha ukatae kukaa hapo.

Na nikisema hivi sijitoi. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku ili nilipe karo, mchana darasani, na kwa muhula mmoja na nusu alama zangu zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote. Watu walinisifu. Nilikuwa nimekolea. Kisha siku moja nilikaa kwenye mtihani, nikasoma swali la kwanza mara tano, na sikuelewa neno. Mpaka leo wapo wanaoniambia ningekaza kidogo tu ningemaliza. Huwa sibishani. Ila sikubali tena kwamba hilo ndilo swali la kwanza la kuulizwa.

Mwezi uliopita tuliiwasha tena, ami, binamu na mimi. Binamu ndiye aliyeshika sindano. Akakaza hadi ikalia ule mlio, akausikiliza kidogo, akairudisha. Ami hakusema kitu. Mafuta yalipoisha, ikaachwa ijizime yenyewe ili yasibaki ndani, kwa sababu methanoli huvuta unyevu hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha kula beringi katika wiki chache. Binamu akatia matone manne ya oili, akaizungusha propela kwa mkono taratibu mpaka oili ikafika kila mahali, akaifunika kwa kitambaa.

Halafu akatazama saa, akaondoka mbio. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wanatoka kazini, feri imejaa, na hesabu ilikuwa bado haijatimia.