HAKI YA ALIYEKATIKA MKONO HALI TAJIRI WAKE AMEFILISIKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, alinijia hapa Mlola, baada ya sala ya Ijumaa, mtu mmoja wa makamo mwenye mkono mmoja. Aliteremka pande za Korogwe, kama walivyoteremka wengi wa milima hii, akafanya kazi katika shamba la mkonge. Mwaka 2009 mashine ya kusinga, ile iitwayo korona, ikamla mkono wa kuume hata kiwiko. Mwenye shamba, nami simtaji, akamwandikia hati ya kumlipa fedha maalum kila mwezi kwa muda wa miaka 20. Akalipa miezi 14, kisha akafilisika. Akaniuliza, "Maalim, je, hati yangu imekufa?"

Nikamjibu, haikufa. Ile ilikuwa sulhu ya haki iliyomlazimu tajiri, wala si sadaka. Lakini tazameni hukumu ya mufilisi katika madhehebu yetu ya Shafi. Kadhi humzuilia mali yake, ikauzwa, na thamani ikagawiwa wadai kwa kadiri ya madeni yao. Mwenye rahani hutangulia katika kile alichowekewa rahani. Na benki, kama mjuavyo, haikopeshi pasi na rahani, basi mashine na magari huenda huko. Tena deni ambalo muda wake haujafika, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, halifiki kwa sababu ya kufilisika. Maana yake, mtu wetu huyu aliingia katika mgawo kwa miezi iliyokwisha kupita tu; miaka 18 iliyokuwa mbele yake haikuwa na fungu. Deni lingali shingoni mwa tajiri, lakini shingo haina kitu. Na wako wamwambiao, "Subiri, hiyo ni kudra." Kudra twaiamini, lakini haimlishi mtoto wa mtu, wala haikutufunza kuacha haki za watu zipotee.

Sasa zingatieni hili: amana haiingii katika mali ya mufilisi. Mwenyewe huitwaa, na wadai wakitazama. Basi fedha ya kilema ikitolewa mkononi mwa tajiri angali na nguvu, ikawekwa kando, kuanguka kwake hakuigusi.

Sheria ya mwaka 1949, ya siku za Waingereza, ilimbebesha fidia mwajiri mwenyewe. Akianguka yeye, na mtu wake yu chini. Sheria ya mwaka 2008 ikaunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara, ukaanza kazi mwaka 2015. Mwajiri hutoa nusu senti katika kila shilingi ya mishahara, wala haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Kilema kikizidi sehemu 30 katika 100 hulipwa kila mwezi. Kisichozidi hapo hulipwa mara moja. Akisema mtu kuwa hii ni bima yenye gharari, twamjibu kuwa mfanyakazi hapa hanunui kitu.

Enyi wenye mashine za mbao, na wenye malori ya mboga yateremkayo Tanga, mnaowaficha watu wenu wasiandikwe: nusu senti hiyo si yenu tena. Na mfanyakazi akiumia, khabari ipelekwe na mwajiri katika siku 7, na madai yasipitishe miezi 12.

Ama mtu wangu, aliumia kabla ya Mfuko. Nimemwambia aihifadhi hati yake. Tajiri akipata mali tena, adaiwe kwa miezi iliyopita. Na akifa, madeni yasiyofika muda hufika kwa mauti, nayo hutolewa kabla ya warithi kugawana. Nakala moja nimeiweka mimi, katika sanduku la madrasa.

Wallahu aalam.