Zimwi Linapopewa Nafasi ya Kusema

Oktoba ikifika huku Marekani, majani yakianza kupukutika, mimi hurudi kwenye hadithi za kutisha. Mwaka huu napendekeza mbili kwa pamoja: soma kwanza Frankenstein ya Mary Shelley (1818), kisha tazama filamu ya James Whale ya mwaka 1931.

Kwenye filamu, kiumbe yule anawekewa ubongo wa mhalifu, na hasemi neno hata moja, ananguruma tu. Basi jibu ni jepesi: kaumbwa mbaya. Kitabuni mambo ni mengine kabisa. Kiumbe anajifunza kusema, anamsoma Milton, anaomba apewe mwenza. Na aliyemuumba alimkimbia usiku ule ule alipofumbua macho.

Lakini jamani, anaua mtoto! Hapo ndipo ninapokwama kila mwaka. Je, kumwelewa muuaji ni kumsamehe? Nadhani hapana, mtoto yule hakumkosea yeyote. Ila nikishamsikiliza, siwezi tena kusema ubaya ulianzia kwake.

Darasani kwetu alikuwepo kijana tuliyemwita zimwi. Nakumbuka tulivyomkimbia. Sauti yake siikumbuki.