Margaret Dumont na ufundi wa kujikausha

Aprili 1974, mchekeshaji Groucho Marx, akiwa na umri wa miaka 83, alipanda jukwaani kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Aliwakumbuka ndugu zake Harpo na Chico waliokwisha kutangulia, kisha akamtaja Margaret Dumont, mwigizaji aliyecheza naye filamu saba, na kuongeza kwamba mama huyu hakuwahi kuelewa hata mzaha wake mmoja. Neno hilo hakulianza siku hiyo. Alikwisha kusimulia mara nyingi kwamba Dumont alikuwa akimfuata na kumwuliza watu wanacheka nini. Hadithi ikanoga, waandishi wakaipokea, mwishowe ikageuka kuwa ndiyo wasifu wa mwanamke aliyekuwa kaburini tangu 1965 na asingeweza tena kujibu. Kama alielewa au hakuelewa, mtu anaweza kudhani ni udaku wa sinema za kale. Kwangu ni swali la falsafa, kwa kuwa linatulazimisha tuseme kuelewa mzaha ni kitu gani hasa, na ni la maadili pia, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kama kicheko chetu mbele ya filamu zile kina uhalali wowote. Dai langu ni kwamba alielewa, na kwamba ushahidi umo ndani ya kazi yenyewe, mbele ya macho yetu, wala hatuhitaji kupekua kichwa cha marehemu ili tuupate.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1882, jina lake Daisy Baker, akafunzwa kuimba na kuingia majukwaani angali kijana. Mwaka 1910 aliolewa na John Moller, mwana wa familia ya matajiri wa sukari, akaiacha kazi. Mume alifariki katika janga la mafua la 1918, naye akarudi jukwaani. Kwa hiyo yule mjane tajiri aliyekuja kumwigiza miaka nenda miaka rudi hakumwokota hewani. Wanawake wa tabaka hilo alikwisha kukaa nao meza moja. Mwaka 1925 alichukuliwa katika The Cocoanuts, mchezo wa ndugu wa Marx pale Broadway, kisha Animal Crackers mwaka 1928. Yote miwili iligeuzwa filamu, 1929 na 1930, zikafuata Duck Soup (1933), A Night at the Opera (1935), A Day at the Races (1937), At the Circus (1939) na The Big Store (1941). Majina yalibadilika, mara Bi. Potter, mara Bi. Rittenhouse, mara Bi. Claypool, lakini mama ni yuleyule: mrefu, kifua mbele, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na imani isiyotikisika kwamba tapeli aliyesimama mbele yake ni bwana wa heshima zake.

Mtazame akiwa kazini. Mwanzoni mwa Duck Soup, Bi. Teasdale, yaani Dumont, amekubali kuikopesha nchi ya Freedonia dola milioni 20 kwa sharti kwamba Rufus T. Firefly, yaani Groucho, apewe utawala. Wageni wamefurika ukumbini, wasichana wanamwaga maua, walinzi wameinua panga, wimbo wa taifa unaimbwa na wote wameelekea mlangoni. Hatokei mtu. Wimbo unarudiwa. Firefly, ambaye muda wote huo alikuwa amelala ghorofani, anateleza kwenye nguzo kama zimamoto, anatua nyuma ya msafara, anajipanga mwishoni mwa mstari wa walinzi na kuinua sigara yake nene kama upanga, huku akimwuliza jirani yake kama kuna mtu anayesubiriwa. Dumont anapomwona anampokea kwa maneno yote ya makaribisho, kana kwamba itifaki imekwenda kama ilivyopangwa. Groucho anammiminia kejeli bila kupumua, nyingine juu ya umbo lake, nyingine juu ya marehemu mumewe. Mama anasita. Uso unaonyesha kwamba amesikia jambo lisilomkalia sawa, kisha anajikausha na kuendelea na adabu zake. Kazi yote imo katika kule kusita. Akiwahi, mzaha unafumuka kabla haujaiva. Akichelewa, kauli inayofuata inamezwa na kicheko cha ukumbi. Akiudhika kweli tutamwonea huruma na kicheko kitatukauka midomoni, na akitabasamu hata kidogo, mchezo umekwisha. Au chukua kile chumba cha meli katika A Night at the Opera, ambamo mafundi, wahudumu na wasafishaji wanaingia mmoja baada ya mwingine hadi wanasimama juu ya migongo ya wenzao. Anayekuja kufungua mlango ni Bi. Claypool, na lile lundo lote la watu linamwagika miguuni pake. Dakika zote zile zimejengwa ili zimwangukie yeye. Matukio makuu ya filamu ile yalipelekwa kwanza kwenye majumba ya maonyesho, mbele ya watazamaji waliolipa, ili ipimwe kila kauli inachekesha kwa muda gani. Kazi ya vipimo vya namna hiyo haina nafasi kwa mtu asiyejua kicheko kinatokea wapi.

Mwaka 1949 mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle alichapisha kitabu The Concept of Mind, na humo alitumia mfano wa mchekeshaji anayejikwaa. Anajikwaa kama anavyojikwaa mtu mzito wa miguu, ila yeye amekusudia, amefanya mazoezi mengi, na anajikwaa mahali ambapo watoto watamwona na kwa namna isiyomwumiza. Ryle alitaka kuonyesha kwamba akili tunayoisifu kwa mchekeshaji huyo imo katika kujikwaa kwenyewe, hakuna tendo la pili la siri linalofanyika kichwani likitoa amri. Ujuzi wa kutenda una haki ya kuitwa ujuzi hata pale mwenye nao asipoutolea maelezo. Mchekeshaji wa Ryle, hata hivyo, anachekwa kwa ustadi wake, na mwishowe hupigiwa makofi kwa jina lake. Dumont yuko hatua moja mbele zaidi: ustadi wake ni kuonekana hana ustadi. Kadiri anavyofaulu, ndivyo tunavyozidi kuamini kwamba yeye ni Bi. Teasdale, na Bi. Teasdale kweli haelewi kitu. Maneno ya Groucho yanamchanganya mwigizaji na mhusika wake, na uwezekano wa kuwachanganya ndio kipimo cha kazi iliyofanyika.

Atasimama mtu aseme: Groucho alifanya naye kazi zaidi ya miaka kumi, sisi ni nani wa kumpinga? Shahidi wa karibu ana uzito wake, ila tuangalie pia maslahi yake. Groucho aliishi kwa kuchekesha, mbele ya kamera na nyuma yake, na hadithi ya mama asiyeelewa ni mwendelezo wa mchezo uleule, safari hii bila mhusika wa pili. Tena ushahidi wake haujasimama pamoja, maana huyuhuyu aliwahi kumhesabu Dumont kuwa karibu ndugu wa tano wa Marx. Naye Dumont alipohojiwa hakuzungumza kama mtu aliyepotea njia. Alieleza kwamba nafasi ya mtu asiyecheka ina sanaa yake, kwamba unamjenga mwenzako bila kumpiku wala kumwibia kicheko. Hiyo ni nadharia kamili ya kazi, kwa sentensi chache, na sijui ni wangapi kati ya wachekeshaji wenyewe wangeieleza kwa usafi huo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Huenda alikuwa na kipaji cha kuzaliwa tu, uso na sauti vilivyofaa, na wengine wakavitumia. Watoto wadogo hutuchekesha bila kujua. Lakini mtoto hawezi kuchekesha kwa namna ileile usiku baada ya usiku msimu mzima wa Broadway, wala hawezi kubadilisha mwendo kulingana na aliye mbele yake. Dumont alicheza na W. C. Fields mwaka 1941, akiwa mama mkali aliyemficha bintiye juu ya kilele cha mlima ili asiwaone wanaume, akacheza na Laurel na Hardy mwaka 1943, na Danny Kaye mwaka 1944, na Abbott na Costello mwaka 1946. Fields anaburuta maneno, Laurel na Hardy wanasubiri kimya kikue, Groucho hampi mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Uso aliozaliwa nao mtu haubadilishi mwendo peke yake.

Hapa ndipo maadili yanapoingia. Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alisema kwamba ili tucheke, moyo sharti ulale ganzi kwa muda. Ni kweli, na ndiyo maana tunahitaji kujua nani ameulaza moyo huo na kwa ruhusa ya nani. Utani unalijua jambo hili siku nyingi. Babu anaweza kumwita mjukuu wake mke au mume mwenza, mashabiki wa Simba na Yanga wanaweza kutukanana wiki nzima, watani wanaweza kufanya vituko hata msibani, na hakuna anayeshika fimbo, kwa sababu pande zote mbili zinajua mipaka. Ondoa ujuzi huo upande mmoja, na maneno yaleyale yanakuwa uonevu. Basi kama Dumont hakuelewa, filamu zile zinatuonyesha wanaume wakimzonga mwanamke mtu mzima, nasi tunashangilia. Hadithi ya Groucho, inayosimuliwa kama kichekesho chepesi, ingekuwa kwa kweli ni mashtaka dhidi yake na dhidi yetu.

Itasemwa kwamba mtani ana haki ya kujibu, ilhali Bi. Teasdale hajibu kamwe. Mwisho wa Duck Soup vita vimekwisha, anaanza kuimba wimbo wa taifa kwa ile sauti yake iliyofunzwa, na ndugu wanne wa Marx wanamgeukia na kumrushia matunda. Nakubali sehemu ya hoja hii. Waliotunga kejeli zile ni wanaume, baadhi ya mizaha ya umbo lake imechacha, na kuelewa mchezo hakuthibitishi kwamba aligawiwa haki yake katika sifa. Ila asiyejibu ni mhusika. Mwigizaji anajibu kila mara anapoamua mzaha udumu kwa muda gani kabla ya kuuachia upite, na hilo hakuna awezaye kumwamulia. Februari 1965, akiwa na miaka 82, alirudia na Groucho kipande cha Animal Crackers kwa ajili ya kipindi cha televisheni The Hollywood Palace. Alifariki siku chache baadaye, Machi 6, kabla hakijarushwa hewani. Mtu aliyekuwa akidhihakiwa bila kujua asingeitikia wito huo baada ya miaka 35.

Kwa hiyo sina sababu ya kumkasirikia Groucho kwa maneno yake ya 1974. Mtani hamsifii mtani wake hadharani kwa lugha ya wasifu wa marehemu. Anamrushia jiwe la mwisho na kutegemea wasikilizaji wajue desturi. Waliokosea ni wale walioyachukua maneno hayo na kuyaandika kuwa historia, na zaidi yao ni sisi, tunaokubali upesi kwamba anayeongea sana ndiye mwenye akili na anayemsikiliza ni samani ya jukwaa.