Sifa ya Matengenezo

Kutengeneza kilichoharibika huhesabiwa kuwa jambo jema. Aokoaye chombo kisitupwe husifiwa kwa ustadi na subira, na apataye kipuri adimu hufurahi kama aliyeokota lulu. Je, wema huo umo katika matengenezo yenyewe, au hutegemea kazi ambayo chombo hurejeshewa na mabega yaliyobeba mzigo wake?

Delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, ina kisa cha kupimia swali hili. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, ilipokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Haukupita muda mrefu, mitambo ya mshindi nayo ikaharibika. Königsberg ikajificha Salale, kati ya mikoko. Ulaya ilikuwa mbali na bahari ilikuwa na adui; kipuri hakikuweza kuagizwa. Basi sehemu za mitambo zilifunguliwa, zikakokotwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa Rufiji. Waliozikokota walikuwa Waafrika. Vitabu humtaja nahodha Max Looff kwa jina. Wakokotaji aghalabu hutajwa kwa wingi wao tu.

Meli ilipona, lakini haikurudi baharini, maana Waingereza walikwisha kuziba midomo ya mto. Tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa. Hapo mzoga wake ukawa ghala ya vipuri: mizinga yake kumi ilitolewa, ikatiwa magurudumu, ikaenda kuua bara. Waingereza nao waliitumia vivyo hivyo mizinga ya Pegasus.

Yuko atakayesema kwamba mhunzi hana lawama, kwa kuwa hajui kisu chake kitakata nini. Hoja hiyo ina nguvu palipo na shaka. Katika karakana ile shaka haikuwapo: kila msumari ulikazwa kwa ajili ya vita. Mpagazi naye hakuvitaka vita wala hakuahidiwa faida yake. Aliyechagua alipata sifa pasipo uzito. Aliyebeba alipata uzito pasipo hiari. Ustadi wa fundi ulikuwa wa kweli, lakini ustadi hautoshi kuifanya kazi kuwa njema.

Leo mvuvi wa delta ambaye mashine ya boti yake imevunjika huweza kupita Kibiti kwenda Dar es Salaam, akatafuta kipuri Kariakoo. Jina la mtaa huo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita vile vile. Huyu hubeba mzigo wake kwa hiari, na boti ikipona watoto wake hula. Matengenezo yake hayataandikwa kitabuni, lakini sifa inayotolewa kwa matengenezo ni haki yake kuliko ya nahodha.