Mlingoti wa Mita 72

Bayesian haikuzama ikiwa safarini. Ilizama imetia nanga, matanga yamekunjwa, wageni wamelala, karibu kabisa na bandari ya wavuvi ya Porticello, kisiwani Sicily. Ndiyo maana namsimulia habari zake kila ninayesikia anapanga kukodi yoti akapunge upepo wa Mediterania mwezi wa Agosti.

Ilikuwa yoti ya matanga yenye urefu wa mita 56, iliyoundwa Italia na kuanza kazi mwaka 2008. Mlingoti wake mmoja wa aluminiamu ulipanda hadi mita 72, na ulihesabiwa miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Aliyeisifia alianzia hapo. Ilikuwa mali ya familia ya Mike Lynch, tajiri wa Uingereza aliyechuma kwa programu za kompyuta. Mwezi Juni 2024 mahakama ya Marekani ilimwachia huru katika kesi ndefu ya udanganyifu, naye akawaalika waliosimama naye katika dhiki ile waje wafurahi pamoja. Melini walikuwa watu 22, wageni 12 na mabaharia 10.

Pwani ya kaskazini ya Sicily inavutia mno. Ukiwa majini mbele ya mji wa Cefalù, unaona jabali kubwa limesimama nyuma ya nyumba, na chini yake kanisa kuu lililoanza kujengwa na mfalme Roger wa Pili mwaka 1131. Bayesian ilikuwa hapo tarehe 18 Agosti. Utabiri ulitaja upepo wa kaskazini-magharibi na ngurumo, kwa hiyo nahodha akaihamishia Porticello, ambako nchi kavu inaukinga upepo huo. Ulikuwa uamuzi wa mtu mwangalifu. Kabla ya kulala aliacha amri kwamba upepo ukizidi noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa, au nanga ikianza kuburura, aamshwe.

Bahari kiangazi kile ilikuwa na joto lisilo la kawaida, maji yakikaribia nyuzi 30. Bahari ya namna hiyo hulisha mawingu. Saa tisa na dakika 55 usiku, kijana wa zamu aliona radi zikija, akazipiga picha za video kwa simu yake, kisha akaenda kufunga madirisha na mifuniko ya sitaha ya mbele. Muda si muda upepo ulifika noti 30 na nanga ikaburura. Nahodha akaamshwa, fundi akawasha mitambo. Jikoni, mpishi alikuwa akipanga vijiko na sufuria visije vikamwagika. Mhudumu akapita ukumbini, mpishi akamwamkia: habari za asubuhi.

Nimeisoma sehemu hiyo ya ripoti ya wachunguzi wa Uingereza mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye salamu hiyo.  Kila mtu alikuwa kwenye kazi yake.

Saa kumi na dakika sita alfajiri upepo uliruka ghafla hadi zaidi ya noti 70, kama kilomita 130 kwa saa, ukaipiga yoti ubavuni. Katika muda usiofika sekunde 15 ikalala kabisa, mlingoti juu ya maji. Bahari ikapanda juu ya reli ya upande wa kulia, ikateremka kwa ngazi za ndani. Ukuta ukawa sakafu. Wageni wawili walitoka chumbani mwao kwa kukanyaga droo za kabati kama vidato vya ngazi. Mama mmoja alimshikilia mwanawe wa mwaka mmoja juu ya maji gizani. Walionusurika ni 15. Waliokufa ni saba: wageni sita, akiwamo Lynch na binti yake wa miaka 18, na yule mpishi.

Jambo ambalo mabaharia wale hawakulijua walikuja kulieleza wachunguzi mwezi Mei 2025. Bayesian ilikuwa na ubao mzito chini ya mkuku, wa kushushwa na kupandishwa. Kwa kawaida ulishushwa wakati wa kwenda kwa matanga; nangani ulikaa juu. Kwa hesabu zao, ubao ukiwa juu, matanga yamekunjwa na matangi karibu kukauka, yoti ikilala kupita nyuzi 70 hivi hairudi tena, na upepo wa noti 63 tu wa ubavuni ulitosha kuifikisha huko. Hata bila kitambaa cha tanga, mlingoti ule mrefu na kamba zake ulikamata upepo kwelikweli. Kitabu cha uthabiti kilichokuwamo chomboni hakikutaja udhaifu huo. Nahodha hakuambiwa, na wenye chombo hawakuambiwa.

Kwa hiyo unayekwenda kukodi yoti, iwe Sicily, Krete au Kroatia, usiulize tu ina vyumba vingapi na inakwenda kasi gani. Muulize nahodha: ikiwa kama ilivyo usiku tunaolala, ubao uko juu, matangi yamekauka nusu, inavumilia upepo gani wa ubavuni? Maji yakiingia, yanaanzia mlango upi? Chumba changu kina njia ya pili ya kutokea? Asikukasirikie. Na akikosa jibu, wote wawili mtakuwa mmejua jambo kabla ya giza kuingia.

Jirani nangani palikuwa na chombo kingine cha matanga, cha zamani. Nahodha wake aliwasha injini dhoruba ilipofika, akakishikilia mahali pake. Upepo ulipotulia akatazama nyuma, Bayesian haipo. Watu wake wakawachukua manusura kutoka kwenye chelezo chao cha kujiokolea.

Mwezi Mei 2025 mzamiaji mmoja alifariki katika kazi ya kuiopoa. Mwezi Juni kreni ziliinua yoti kutoka kina cha mita 50. Ilibidi kwanza waukate ule mlingoti na kuuacha chini, ndipo ikaweza kuja juu.